Watoto wameshikilia Disneyland Paris: tununue kitabu kipi cha mwongozo?

Swali: Asalaam aleykum kaka. Mimi na mume wangu tupo Masasi, tunafanya biashara ya korosho. Mdogo wangu anaishi Ufaransa, pembezoni mwa Paris, na ametualika sisi na watoto. Wa kwanza ni binti wa miaka 14, wa pili ana 10, mdogo ana 4. Wao wameshikilia neno moja tu, Disneyland. Shemeji yangu wa Dar ametupa kitabu kinene cha Kiingereza cha mwaka 2018, kinahusu Disney ya Florida. Dukani nimeona kingine kizuri sana kwa macho, picha kila ukurasa, ila bei yake imesimama. Mdogo wangu anasema tusipoteze hela, kila kitu kipo kwenye intaneti. Tunafikiria kwenda Desemba shule zikifungwa. Ninunue kipi?

Jibu: Waaleykum salaam dada yangu. Nikutangulizie uamuzi, maelezo yafuate. Cha shemeji mrudishie kwa shukrani. Cha picha kiache dukani. Mdogo wako ana haki nusu, na hiyo nusu nyingine ndiyo inayogharimu watu fedha. Tafuta kitabu kinachohusu Disneyland Paris peke yake, cha toleo la mwaka huu au la mwaka jana, kilichoandikwa na mtu asiyelipwa na Disney, na ambacho kinathubutu kukuambia mchezo upi uuache.

Hilo la kuthubutu nimeliweka mwisho, lakini ndilo la kwanza kwa uzito. Ukiwa ndani ya bustani ile ya michezo, tatizo lako halitakuwa kukosa cha kuona. Tatizo litakuwa muda. Mchezo wa kupanda wa dakika tatu unaweza kuwa na foleni ya saa nzima, na ukishaingia foleni tatu za namna hiyo na mtoto wa miaka minne mkononi, siku imekwisha na mtoto amelala begani. Kwa hiyo kitabu unachokihitaji ni kitabu cha foleni. Kinapaswa kukuambia uanze wapi geti likifunguliwa, kipi ukiache mpaka jioni, na kipi hakistahili saa yako hata kidogo. Kitabu kinachosifia kila kitu kwa maneno yaleyale hakijakusaidia, maana uamuzi wote kimekuachia wewe, umesimama juani na watoto watatu wanaovutana.

Ndiyo sababu huwa nawauliza watu kwanza: nani amekiandika? Kuna vitabu rasmi na kuna vya waandishi huru. Kwa upande wa Florida mfano ni rahisi kuuona. Kuna Birnbaum, ambacho ndicho mwongozo rasmi wenye idhini ya Disney wenyewe, na kuna The Unofficial Guide to Walt Disney World cha Bob Sehlinger na Len Testa, ambacho jina lake tu linatangaza kuwa si rasmi. Kitabu rasmi kina faida yake: majina, ramani na masharti ya kila mchezo huandikwa kutoka kwa mwenye nyumba. Ila mwenye nyumba hawezi kukwambia kwamba mgahawa wake fulani ni ghali kuliko ladha yake. Mwandishi huru anaweza, na akiwa mzuri anakupa pia ratiba ya siku nzima, hatua kwa hatua, iliyopangwa kwa kufuata mwenendo wa foleni. Kwa familia inayoruka kutoka kusini mwa Tanzania, ambayo huenda haitarudi tena kule kwa miaka mingi, mimi nachagua mwandishi huru bila kusita.

Sasa tuje kwenye kitabu cha shemeji. Kina matatizo mawili, na yote mawili ni makubwa.

La kwanza ni mahali. Disney ya Florida na Disneyland Paris zina jina moja la ukoo, lakini ni safari mbili tofauti kabisa. Walt Disney World ya Florida, iliyofunguliwa mwaka 1971, ina bustani kuu nne zilizotawanyika kwenye eneo la kama kilomita za mraba 100, na watu husafiri kwa mabasi kutoka moja hadi nyingine. Paris, iliyofunguliwa Aprili 1992, ina bustani mbili zilizo jirani kiasi kwamba unatoka geti la hii na kutembea kwa miguu dakika chache tu hadi geti la ile. Kitabu cha Florida kitakushauri utenge siku nne, tano au zaidi. Paris siku mbili zinatosha, ya tatu ni ya kupumua. Ukifuata hesabu ya Florida utanunua tiketi za siku usizozihitaji.

Angalia na umri. Florida, mtoto akifika miaka 10 anakata tiketi ya mtu mzima. Paris bei ya mtoto inaanzia miaka 3 na kuishia 11, kwa hiyo wako wa kati bado ni mtoto pale getini. Binti wa miaka 14 ndiye atakayelipa kama wewe.

Jambo jingine linahusu watoto wenyewe. Kwenye bustani ya wanyama ya Florida, Animal Kingdom, kuna mji wa kubuni wa Afrika Mashariki uitwao Harambe, wenye vibao vya Kiswahili, na watu wanapanda gari la wazi kwenda kuona wanyama katika sehemu inayoitwa Kilimanjaro Safaris. Upo tangu 1998. Wanao wakiona kurasa zile watafurahi mno, nawaelewa, hata mimi huwa navutiwa. Lakini Paris haupo. Usiwaache wapange safari nzima kichwani kwa kurasa za bustani wasiyoiendea.

La pili ni mwaka. Kitabu cha Kilwa Kisiwani cha miaka 20 iliyopita bado kitakufikisha Husuni Kubwa na Msikiti Mkuu, kwa sababu magofu hayahami. Bustani hizi zinahama. Mwaka 2018 Florida walikuwa na utaratibu wa FastPass, wa bure, uliokuwezesha kujiwekea saa ya kuingia kwenye mchezo bila kupanga foleni ndefu. Ukaondoka wakati wa korona mwaka 2020. Oktoba 2021 ukaja wa kulipia uitwao Genie+, na Julai 2024 huo nao ukabadilishwa na kuwa Lightning Lane Multi Pass. Paris vilevile: tiketi ya bure ya kuruka foleni imekufa, na tangu 2021 ipo Premier Access, ambayo unailipia. Ratiba zote za kitabu cha 2018 zimejengwa juu ya kitu cha bure ambacho hakipo tena. Kitabu chenyewe hakikukosea. Wakati wake umepita.

Paris wamebadilika hata kwa majina. Bustani ya pili ilifunguliwa 2002 ikiitwa Walt Disney Studios Park. Mwaka 2024 ilitangazwa kwamba inapanuliwa na kupewa jina jipya, Disney Adventure World, pamoja na eneo zima la hadithi ya Frozen. Hapa una kipimo kizuri cha haraka: kitabu ambacho hakijui lolote kuhusu Disney Adventure World kimezeeka, hata kama jalada limeandikwa mwaka mpya. Wapo wanaobadilisha namba ya jaladani na kuacha ndani kulekule.

Na hapo niseme jambo ambalo linanikera kwa niaba ya wasomaji. Mtandaoni, hasa duka la Amazon, kumejaa vitabu vya mwongozo ambavyo mwandishi wake huwezi kumpata popote. Mwaka 2023 gazeti la The New York Times lilichapisha uchunguzi kuhusu vitabu vya safari vya aina hiyo, vingi vikionekana kuandikwa na akili mnemba, vikipambwa na sifa za wasomaji wa uongo. Ni bei rahisi, na ndiyo mtego. Dalili zake zinaonekana ukitulia. Mwandishi huyohuyo ana vitabu vya miji na nchi nyingi zisizohusiana, vyote vya mwaka mmoja. Ndani hamna ramani. Sentensi ni za jumla, kwamba bustani ni ya kupendeza na familia zitafurahi, bila saa, bila urefu wa mtoto, bila kusema mlango uko upande gani. Sifa zote za wasomaji zimewekwa ndani ya siku chache. Ukiona mawili kati ya hayo, funga.

Kwa bahati nzuri duka hilo hukuruhusu kusoma kurasa za mwanzo bure kwenye programu ya Kindle kabla hujalipa. Usizitumie kurasa hizo kusoma utangulizi. Nenda kwenye yaliyomo, kisha ukiulize kitabu maswali ya nyumbani kwako.

Swali la kwanza ni la urefu. Michezo ya kasi ina kipimo cha chini cha urefu, na mfanyakazi anayempima mtoto mlangoni hana mjadala. Big Thunder Mountain, treni ya mgodini inayopendwa kuliko karibu yote pale, inataka sentimita 102. Hyperspace Mountain, ambayo ni ya gizani na ya kasi, inataka 120. Ile ya Indiana Jones inataka 140. Sasa chukua futi ya fundi cherehani leo usiku, waweke watoto ukutani, uandike. Wa miaka minne huenda anakaribia 102 au hajafika. Wa miaka kumi yuko hapo hapo kwenye 140, anaweza kukosa kwa kidole kimoja. Ni bora alie Masasi kuliko alie baada ya kusimama dakika hamsini kwenye foleni. Kitabu kizuri kinaweka vipimo hivi kwenye jedwali moja, na kinaeleza pia kama mchezo una giza, kelele au kushtuka, kwa sababu mtoto anaweza kuwa na urefu na asiwe na moyo. Kinaeleza vilevile utaratibu wa wazazi kupokezana: mmoja anabaki na mdogo, mwenzake anacheza, halafu wanabadilishana bila wa pili kuanza foleni upya. Kama kitabu hakina hilo, hakikuandikwa na mtu aliyekwenda na watoto.

Swali la pili ni la mahali pa kulala. Vitabu vingi vya aina hii vinatumia karibu nusu ya kurasa kuzungumzia hoteli. Wewe unalala kwa mdogo wako, kwa hiyo nusu hiyo ni uzito wa bure. Kinachokufaa ni sura ya usafiri. Bustani iko Chessy, kilomita kama 32 mashariki ya Paris, na treni ya mjini iitwayo RER A inaishia pale pale, karibu na geti. Muulize mdogo wako kituo cha RER kilicho karibu naye kabla hujaangalia kingine chochote. Treni ya kasi ya TGV nayo inatoka uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle hadi hapo kwa dakika kumi hivi, kama siku moja mtataka kuunganisha moja kwa moja.

Ila kuna jambo la ndani hapa ambalo wengi hawalioni. Wageni wa hoteli za Disney huruhusiwa kuingia mapema, kwa kawaida saa mbili na nusu asubuhi, wakati wengine wote wanasubiri hadi saa tatu na nusu. Ratiba nyingi za vitabuni zimeandikiwa mgeni huyo wa hoteli. Ukizifuata neno kwa neno, utafika kwenye mchezo wa kwanza ukute watu wamekutangulia kwa saa nzima. Kwa hiyo unapochagua kitabu, tazama kama kina ratiba ya mtu anayekuja kutoka nje. Kama mna mpango wa kulala angalau usiku mmoja ili mpate saa hiyo, jambo ambalo kwa watoto watatu si baya, kitabu kikuonyeshe tofauti za hoteli kwa uwazi. Kwa mfano, nyumba za Davy Crockett Ranch zina jiko, mnaweza kujipikia, ila bila gari hamfiki bustanini. Hayo mawili lazima yawe kwenye ukurasa mmoja.

La tatu ni chakula, na kwa familia ya Kiislamu hili halina mjadala. Soma sura ya migahawa uone kama mwandishi anataja viungo na aina ya nyama, au anasema tu chakula ni kitamu. Mwandishi anayeeleza wapi utapata samaki, wapi mboga, na jinsi ya kuwaandikia mgahawa mapema kuhusu mahitaji yako, huyo anakuheshimu. Kituo kimoja kabla ya bustani, Val d'Europe, kuna duka kubwa la vyakula, na mdogo wako anayejua maduka ya halali mtaani kwake ana thamani kuliko kitabu chochote kwenye jambo hili. Bebeni vitafunwa.

Sasa intaneti. Mdogo wako anasema kweli kwamba bei, saa za kufungua na michezo iliyofungwa kwa matengenezo lazima uviangalie kwenye tovuti ya bustani yenyewe na programu yao ya simu, ambayo inaonyesha hata urefu wa foleni kwa wakati ule. Kitabu hakiwezi kushindana na hilo, na kisijaribu. Lakini intaneti inakujibu ulichouliza, na wewe hujui bado cha kuuliza. Hungeuliza kuhusu saa ya mapema ya wageni wa hoteli kama hujui ipo. Kitabu kinakupanga kwanza kipi kinaamua kipi: tarehe inaamua foleni, foleni inaamua siku ngapi, siku ngapi zinaamua tiketi. Halafu kuna bando. Familia ikikaa jioni kutazama video za Disneyland, bando la wiki linaisha na hakuna kilichoamuliwa.

Na tarehe ndiyo ninayotaka uifikirie upya, maana hapa hakuna kitabu kitakachokusaidia. Vitabu hivi vimeandikwa kwa kalenda ya Waingereza, Wamarekani na Wafaransa. Vitakuambia wiki zipi shule zao zimefungwa, ukae mbali nazo. Wewe chukua orodha hiyo uiweke juu ya kalenda yetu. Desemba shule za hapa hufungwa mapema mwezini, wakati za Ufaransa hufungwa karibu na tarehe 20. Kwa hiyo dirisha lenu lipo kati ya hapo, siku za katikati ya wiki, na si Krismasi kamwe. Lakini jua la Paris wakati huo linazama karibu saa kumi na moja jioni, baridi ni kali kwa mtoto wa Masasi, na biashara yenu je? Minada ya korosho inaanza Oktoba, na Desemba mume wako anaweza kuwa bado anahangaika na chama cha ushirika cha MAMCU na malipo ya stakabadhi ghalani. Atasafiri na simu sikioni.

Juni naiona bora zaidi. Shule zetu zinafungwa, msimu wa kuuza umepita na hela mnaijua, na watoto wa Ufaransa wako darasani hadi mwanzoni mwa Julai. Mchana ni mrefu ajabu, Magharibi inaingia karibu saa nne usiku, kwa hiyo yale maonyesho ya fataki ya kufunga siku yatakuwa usiku mkubwa kwa mdogo wenu. Panga alale mchana. Chagueni Jumanne au Alhamisi.

Kitu kingine ambacho kitabu kitaruka ni viza, kwa sababu waandishi wengi wa vitabu hivi hawaiombi. Mwambie mdogo wako aende ofisi ya meya wa mji wake aombe hati ya kumkaribisha mgeni nyumbani, inayoitwa attestation d'accueil. Maombi ya viza ya Schengen yanaweza kupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, mwisho siku 15, na mnahitaji bima ya safari isiyopungua euro 30,000 kwa kila mtu. Usinunue tiketi za bustani zisizorudishika kabla viza hazijatoka.

Kuhusu namna ya kukinunua: chukua nakala ya kusomea kwenye simu, si ya karatasi ya kuagiza ambayo inaweza kuchelewa hadi ikapitwa na toleo jipya. Ila kabla ya kulipa, fungua ramani moja ya kwenye sampuli uone kama inasomeka kwenye kioo cha simu yako. Nyingi hazisomeki. Ukishakipata, peleka stationari wakuchapie kurasa chache tu: ramani mbili, jedwali la urefu, na ratiba moja mliyoichagua. Hizo ziingie kwenye mkoba, kwa sababu simu ikitumika kutwa nzima kwa picha na programu, saa kumi jioni chaji imekwisha.

Kazi ya kukisoma mpe binti yako wa miaka 14. Kiingereza cha vitabu hivi si kigumu, na kidato chake kinamtosha. Mwambie aje na michezo sita ya kila siku, mitatu ya lazima na mitatu ya ikiwezekana, na aseme kwa nini kila mmoja, akizingatia wadogo zake. Akishindwa kuitoa orodha hiyo baada ya wiki mbili na kitabu mkononi, kitabu si kizuri, tafuteni kingine. Akiitoa, niandikie pamoja na tarehe mlizoamua na kituo cha RER cha mdogo wako, nitaipitia niwaambie ipi ianze asubuhi.